Tangi la Akiba la Fundi Leopold

Siku mliyoniaga, vijana wa karakana, mlinipa saa ya ukutani na kreti la soda, kisha mkaniomba maneno ya hekima. Niliposema sina, mkacheka mkidhani natania. Saa nimeitundika sebuleni. Maisha yangu yote nimeamka kabla ya jogoo bila saa, na leo nisipokuwa na pa kwenda ndipo napewa moja. Hekima kweli sina. Nilicho nacho ni habari za tangi moja la mafuta, na wale mliokuwa mkinung'unika kwamba mimi, Mzee Gozibert, ni mkali kama pilipili kwenye kazi ya matangi, kaeni msome. Zamani sikuweza kueleza kwa sababu kuna mtu niliyekuwa nikimlinda. Mtu huyo tumemzika msimu huu wa mvua. Jina lake na la mkewe nimeyabadili, kijiji chao sikitaji, wala hospitali yenye karakana ile siitaji.

Nilitoka Igurwa nikiwa kijana mwenye nguvu na ujinga wa kutosha. Baba alitaka nibaki kwenye kibanja, kati ya migomba na kahawa, na hakunisamehe haraka nilipochagua vyuma. Karakana ya hospitali wakati ule ilikuwa banda la mabati nyuma ya jengo la kufulia mashuka. Bosi wa banda alikuwa Fundi Leopold, mtu mfupi, mpole, asiye na nyusi. Nyusi zake aliziacha Bukoba ujanani, siku alipochomelea tangi la petroli ambalo mwenzake alimhakikishia kwamba limeoshwa. Mwenzake aliacha zaidi ya nyusi.

Siku yangu ya kwanza sikupewa spana. Leopold aliniwekea tangi kuukuu mbele yangu, akaniambia niinamishe kichwa kwenye mdomo wake.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya maji, fundi. Limeoshwa."

"Nusa tena."

Nikanusa. Nikamwambia labda kuna kaharufu kidogo ka mafuta.

"Kaharufu kidogo ndiko kalikomzika rafiki yangu," akasema. "Lioshe tena, tata. Ukimaliza, lioshe tena." Tata kwetu ni baba, ndivyo mzee humwita kijana kwa upole.

Niliosha tangi lile mpaka jioni, nikarudi nyumbani nimekasirika, mikono ina magamba kwa sabuni. Nilidhani ananionea. Baadaye nilikuja kumpenda mtu yule kuliko nilivyompenda baba yangu, na sioni haya kuliandika hilo hapa, ingawa wote wawili wakiwa hai nisingelithubutu.

Wakati ule Kyerwa bado ilikuwa sehemu ya Karagwe, na Rubwera haikuwa na ofisi za wilaya wala maduka haya mnayoyaona. Gari letu la wagonjwa lilikuwa hadtopu ya zamani, ile ya kuvuta magurudumu yote manne, iliyofika kwetu ikiwa imeshachakazwa na watu wengine. Injini yake ilikuwa nzima kabisa. Tangi lake lilikuwa dogo kwa njia zetu, maana dizeli ilipatikana Kayanga, na wagonjwa wengi walitoka huko juu karibu na mpaka. Ukitoka Kayanga hadi Murongo na kurudi, ukiongeza matope na kuzunguka madaraja yaliyobomoka, tangi lile lilikuwa linakuacha njiani.

Dereva wake alikuwa Bashiru. Babu yake alikuja kutoka Tanga kufungua duka la vitambaa, na Bashiru alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuchagua usukani badala ya mizani. Alikuwa akibeba madumu ya dizeli ndani ya gari, pembeni ya kitanda cha mgonjwa. Akina mama wenye uchungu walifika wamejitapikia, nywele zinanuka mafuta.

"Fundi, mimi nimechoka kuwavundika binadamu kama ndizi," alimwambia Leopold asubuhi moja. "Nitengenezee tangi la pili. Wallahi, kama hutaki, nitalala mbele ya geti la hospitali."

Leopold alikuwa anataka kabla hajaombwa. Kilichobaki kilikuwa kuushawishi utawala, na hilo lilichukua muda kuliko kazi yenyewe.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu naona siku hizi mnatengeneza tangi la akiba kama mtu anayeshona mfuko wa shati. Leopold alikataa bati jeupe la kuezekea, ingawa lilikuwepo stoo la kumwaga. Bati lile dizeli hulila, ikatoa utelezi kama wa sabuni unaoziba chujio na nozeli. Alichukua bamba jeusi, akalikunja, na ndani akaweka vizuizi vyenye matundu ili mafuta yasicheze na kulivuta gari kwenye kona. Alichomelea, akapaka povu la sabuni kila kiungo, akapulizia hewa. Povu likicheka popote kwa hewa inayovuja, anarudia. Tulilifunga nyuma ya difu, lile tufe la ekseli ya nyuma, juu kidogo ya usawa wake ili jiwe la njiani ligonge difu kwanza, mbali na eksozi, kwa mikanda ya chuma iliyovikwa mpira wa tairi. Alihakikisha kwamba dereva akibadili tangi, mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini nayo yanahama pamoja na yale yanayokwenda. Mafundi wengi huhamisha bomba la kwenda tu, na dizeli ya akiba ikawa inarudishwa kwenye tangi la asili mpaka linafurika, dereva anamwaga barabarani kutwa nzima bila kujua. Karibu na kiti cha dereva tuliweka koki ya kuchagua tangi.

Tangi lazima lipumue. Likitoa mafuta bila kuingiza hewa, linajinyonga lenyewe. Kwa hiyo lilikuwa na pumulio, kijibomba chembamba kilichopanda kutoka juu ya tangi na kutokeza nyuma ya tairi la kushoto, karibu na mlango wa nyuma. Kila fundi alikiweka hapo. Kila gari tulilowahi kuliona lilikuwa nacho hapo.

Tulipomaliza, utawala ulitoa agizo moja: mfuniko wa tangi ufungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtunza stoo. Kulikuwa na maneno mjini kwamba madereva wanauza dizeli.

"Mtu asiyeaminiwa mafuta mnamwaminije na wagonjwa?" Leopold aliuliza kwenye ofisi ile. Tukaweka kufuli.

Tangi lile lilifanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Watoto wengi wa Kyerwa wamezaliwa salama kwa sababu yake, na nadhani baadhi yao ndio wanaotupita kwa bodaboda leo bila kupiga honi.

Ndipo ikafika siku ya Edina. Alikuwa mke wa kijana aitwaye Sospeter, mkulima wa huko juu. Mimba ilikuwa ya kwanza, na mtoto alikaa vibaya. Mganga wa zahanati yao aliomba gari, Bashiru akaenda na muuguzi. Mvua ilikuwa imekula daraja, ikabidi azunguke kwa njia za mashambani kwenda na kurudi. Kwa kuwa tangi la akiba lilikuwa limejazwa hadi mdomoni, kila shimo lilipolirusha gari pumulio lilitema dizeli kidogo, na harufu ikapanda kwa mama aliyelala nyuma. Haya yote Bashiru alitueleza yeye mwenyewe, mara nyingi, mpaka nikayajua kama yangu.

Edina alilia kwamba harufu inamuua. Bashiru akasimama ili atapike. Muuguzi akawa anamshika mgonjwa, Bashiru ameinua chupa ya maji ya dripu, na Sospeter akashuka. Bashiru alimwona kwa pembe ya jicho akichutama nyuma ya tairi, akadhani anajisaidia. Kisha wakapanda tena, Edina akasema harufu imepungua, na mumewe akamfuta uso kwa shati lake.

Mbele kidogo tangi la asili likaisha mafuta. Bashiru akageuza koki, injini ikashika tangi la akiba. Walikwenda vizuri kipande kifupi, kisha gari likaanza kukohoa kwenye mlima kabla ya Nkwenda, na likazima. Ilikuwa mchana, jua limetoka baada ya mvua. Bashiru alijua tangi limejaa, alishuhudia likijazwa. Akadhani ni hewa kwenye mabomba. Akafungua boneti, akapampu ile pampu ndogo ya mkono mpaka kiganja kikatoka damu. Haikuvuta kitu. Alilegeza nati, akafyonza kwa mdomo, akameza dizeli. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Sospeter alikuwa akisukuma gari peke yake kupanda mlima, gari zito kama lile, akiita watu waliokuwa mashambani.

Lilipita lori la kahawa, wakampandisha Edina juu ya magunia. Alifia njiani na mtoto wake tumboni, kabla hawajafika Omurushaka.

Gari lilivutwa hadi karakana siku iliyofuata. Tulikuwa watatu bandani: Leopold, Bashiru na mimi. Mtunza stoo alileta ufunguo, akaondoka haraka, maana uso wa Bashiru ulikuwa hautazamiki. Nilifungua kufuli, nikalegeza mfuniko, na tangi likavuta pumzi. Lilivuta kwa sauti ndefu, kama mtu aliyezamishwa majini akatoa kichwa. Mabamba yake yalikuwa yamebonyea kwa ndani. Leopold akapampu mara chache, akawasha, na injini ikaunguruma pale pale, safi kabisa. Ile ngurumo niliichukia. Afadhali ingekataa kuwaka.

Leopold akazima, akalala chini ya gari bila hata kutandika gunia. Aliponyoosha mkono kutoka chini, kiganjani alikuwa na jani kavu la mgomba lililosokotwa vizuri, likakunjwa ncha, limelowa dizeli.

Hakuna mtu wa Karagwe anayehitaji kuelezwa jani lile ni nini. Ndicho kizibo cha kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndicho kizibo cha dumu la juisi ya ndizi, cha chupa ya asali, cha kila kitu kinachovuja katika nyumba ya mkulima. Mtoto wa kwetu hujua kulisokota kabla hajajua kusoma. Sospeter aliona kitu kinavuja na kumtesa mkewe, akafanya kile ambacho baba yake na babu yake wangefanya, na alikifanya kwa ustadi. Kizibo kilikaa sawasawa. Laiti angekuwa mvivu, kingetoka kwenye shimo la kwanza.

Bashiru alikaa chini kwenye mafuta. "Yaa Rabi," alisema. "Na mimi nilikuwa na jeki. Ningevunja kufuli kwa mpini wa jeki. Ningevunja tu."

"Ungejuaje?" Leopold akamwuliza.

"Tukawaambie," nikasema mimi. "Tuwaambie utawala sasa hivi, kabla hawajasema dereva kauza mafuta."

Leopold alikuwa akilitazama jani. Aliuliza, "Ndugu wa marehemu wako wapi?"

Nikamwambia wako mochwari, wanasubiri mwili.

"Huyo kijana yuko?"

"Yuko. Hajala tangu jana."

Alikwenda kwenye jiko la mkaa tulilochemshia chai, akaliweka jani juu ya makaa. Lilishika moto upesi kwa sababu ya dizeli. Nilimshika mkono nikiwa nimechelewa.

"Fundi, huo ndio ushahidi wetu!"

"Ushahidi wa nini, Gozi? Kwamba mtu alimhurumia mke wake?" Hakupandisha sauti. "Pumulio nililiweka mahali mkono wa mtu unafika. Ni mimi niliyeliweka. Hilo ndilo mtasema, na mtalisema wote wawili, na mtalisema mpaka huyo kijana afe."

"Watakufukuza."

"Watanifukuza. Nitakwenda kupalilia kahawa. Na yeye, akijua, atakwenda wapi?"

Bashiru alilia kwa kwikwi, akasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu fundi hauwezi. Leopold alimpa kitambaa cha kufutia mikono, kile kile chenye grisi.

Kikao cha utawala kilikuwa kifupi. Leopold alisimama kabla hajaulizwa, akasema tangi lilikosewa, lilikosa hewa, na aliyelitengeneza ni yeye, dereva hana kosa. Sospeter alikuwepo, amesimama mlangoni na blanketi la mkewe mkononi. Alimtazama Leopold mpaka kikao kilipoisha. Leopold aliondoka karakana wiki hiyo. Spana zake aliniachia mimi, na ndizo mlizokuwa mkiazima bila kurudisha.

Mlidhani yaliishia hapo? Nchi yetu ina masikio mengi. Leopold akienda mnadani watu wanampisha. Akikaa kwenye benchi kanisani, benchi linabaki na nafasi. Walimwita Fundi Jeneza. Lisemwalo lipo, walisema, na wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa, yeye ambaye hakuwahi kugusa hata rubisi tangu yale ya Bukoba. Binti yake alichumbiwa, na posa ikarudishwa. Mkewe, Mama Anastazia, alinivizia siku moja njiani nikitoka kazini.

"Gozi, wewe ulikuwepo. Ni kweli mume wangu aliua?"

Nilimjibu kwamba ajali ni ajali, mama. Akanitazama kama mtu aliyepewa jiwe alipoomba ugali, akaondoka. Nilirudi nyumbani nikampigia kelele mke wangu bure, kwa sababu ya chumvi.

Nilimwendea Leopold mara nyingi, nikimsihi anifungue mdomo kwa mkewe tu. Alikataa. Alisema siri ikipata mtu wa nne inapata miguu. Alifariki akiwa na jembe mkononi, kati ya mibuni yake. Tuliomzika tulikuwa wachache, mvua ikawa kisingizio cha wengine. Bashiru alishika jeneza upande mmoja na mimi upande mwingine, na hatukutazamana. Bashiru naye amekwisha kwenda, kwa kisukari.

Tangu siku ile sijawahi kufunga tangi ambalo pumulio lake linafikiwa na mkono. Mmenilalamikia kwamba nawafanya mlale chini ya gari kutwa kwa ajili ya kijibomba. Nimekipandisha ndani ya bodi, nimekikunja shingo, nimekiwekea wavu, na kufuli la mfuniko nimekataa kulifunga hata nilipoandikiwa barua. Mkiulizwa kwa nini mnafanya hivyo, mlikuwa mnajibu kwamba ni mambo ya mzee. Si mambo yangu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, Sospeter aliniita. Alikuwa amelala nyumbani kwake, ini limeharibika, macho ya njano. Hakuoa tena. Nilipiga hodi, nikasema shikamoo kwa desturi tu, kwani tumelingana umri, naye akaitikia marahaba bila kucheka. Aliwaambia ndugu zake watoke.

"Fundi," akasema, "wewe ndiye uliyelifungua lile gari."

"Mimi na wenzangu."

"Kuna kitu nimekibeba. Siku ile nilisokota jani. Niliziba kijibomba kilichokuwa kinatema mafuta. Wakati ule sikujua kitu. Halafu miaka hii ya karibuni mtoto wa kaka amenunua pikipiki. Akawa ananieleza jinsi tangi linavyotaka hewa." Alipumzika. "Nataka kujua kabla sijaondoka. Mlilikuta lile jani?"

Wanangu, nilikuwa na muda wa kufikiri, kwa sababu kikohozi kilimshika. Nilimwona Leopold kwenye benchi lake tupu. Nilimwona Mama Anastazia njiani, na binti yake. Neno moja tu lingemrudishia Leopold jina, na wa kulipokea alikuwa mtu huyu huyu aliyekuwa akitema mate kila jina lile likitajwa. Nililitaka neno lile litoke. Lilifika kwenye meno.

"Hatukukuta kitu," nikasema. "Jani lilidondoka huko huko njiani, jani la mgomba litashika nini kwenye barabara ile? Bomba lilikuwa wazi kabisa. Tangi lenyewe lilikuwa bovu. Lilichomelewa vibaya kwa ndani."

"Una hakika?"

"Nimelipasua mwenyewe kwa tindo, waitu, ndugu yangu. Nililiona."

Alifumba macho. Machozi yalishuka kuelekea masikioni, na kifua chake kikashuka.

"Basi alikuwa fundi mbaya," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Leopold alikuwa fundi mbaya."

Tulipokwisha kumzika Sospeter, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Anastazia. Amezeeka, haoni vizuri, lakini ndizi anamenya mwenyewe. Nilimweleza yote tangu jani mpaka kitandani kwa mgonjwa. Hakuacha kumenya. Nilipofika mwisho aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo ulimwambia kwamba mume wangu alikuwa fundi mbaya?"

"Nilimwambia, mama."

Alitupa ganda, akapapasa ndizi nyingine kwenye ungo.

"Angeniambia na mimi," akasema. "Ningemsaidia kudanganya."